Kuku wa uani na sungura wa bandani: Yai limfikie mtoto, kinyesi kisimfikie

Katika safu yetu ya leo tunaingia uani, mahali ambapo wageni hawafiki lakini watoto wetu hushinda kutwa nzima. Mada yetu ni ufugaji wa kuku wa kienyeji na sungura katika shamba dogo la familia, na tutautazama kwa jicho la afya na usafi.

Ukipita Mikindani, kuanzia nyumba za kale za mawe zilizo karibu na ghuba hadi nyumba za udongo zilizopanda kilimani, ni nadra kukuta ua usio na kuku. Hali ni hiyo hiyo ukienda Msangamkuu, Ziwani, Msimbati na kote kushuka hadi Mto Ruvuma unapoingia baharini, mpakani na Msumbiji. Kuku hawa huachiliwa alfajiri, hujitafutia wenyewe chini ya mikorosho na minazi, na magharibi hurejea kulala jikoni, juu ya mwembe, au ndani ya chumba wanamolala watu. Mwenye nyumba huwahesabu kuwa ni akiba yake. Fedha za korosho huanza kupatikana mwezi wa Oktoba, na masika yakikolea huwa zimekwisha, chakula cha ghalani kimepungua na mavuno mapya hayajafika. Hapo ndipo kuku hukamatwa na kuuzwa ili mtoto apate daftari au mgonjwa apelekwe zahanati.

Hiyo ni neema kubwa. Lakini neema hiyo ina mlango wa pili ambao wengi wetu hatuutazami.

Hesabu iliyopinduka

Mtetea wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga takriban mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, katika mizunguko mitatu au minne. Nyumba yenye mitetea minane inaweza kupata mayai 400 hivi. Hata kama nusu yake yataachwa yaatamiwe, yanabaki 200, yaani karibu mayai manne kila wiki. Yai lina protini ya daraja la juu, lina mafuta, vitamini A na vitamini B12, na hupikika kwa muda mfupi kwa kuni chache. Kwa mtoto aliyefikisha miezi sita na kuanza chakula cha nyongeza, ni vigumu kupata chakula kingine cha uani chenye manufaa kama hayo.

Sasa tujiulize, mayai hayo huishia wapi? Katika nyumba nyingi huishia gengeni, na fedha yake hununua sukari na mafuta ya taa. Mtoto hubaki na uji mweupe wa muhogo asubuhi na jioni. Na mtoto huyo huyo anapoanza kutambaa, hutambaa katika uwanja ambao kuku wameuchafua tangu alfajiri. Hushika udongo, hushika kinyesi, kisha mkono unakwenda mdomoni. Hapo hesabu imepinduka: yai limekwenda kwa mnunuzi, na kinyesi kimekwenda kwa mtoto.

Haya si maneno ya kutisha watu. Watafiti waliokaa na familia za vijijini nchini Zimbabwe na kuwatazama watoto wachanga kwa saa kadhaa waliripoti mwaka 2013 kwamba wapo waliotia mdomoni udongo wa uwanjani, na wapo waliotia hata kinyesi cha kuku chenyewe. Kinyesi hicho hubeba vijidudu vya kuharisha kama salmonela na kampilobakta. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hula lakini mwili haunufaiki, kwa sababu utumbo uliochoka hauwezi kufyonza chakula vizuri.

Mwaka 2019 utafiti mwingine mkubwa wa nchi hiyo hiyo ulionyesha jambo la kuzingatia. Familia zilizopewa lishe ya nyongeza kwa watoto na mafunzo ya kuwalisha zilipata watoto wenye kimo bora kidogo, lakini familia zilizopewa vifaa vya usafi peke yake hazikuona tofauti ya kimo. Maana yake si kwamba usafi hauna kazi. Maana yake ni kwamba usafi bila chakula hautoshi. Nchini mwetu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, suala la kuku wako si la kitoweo tu. Ni suala la kimo na akili ya mwanao.

Vilevile tuache zile imani kwamba mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele, au kwamba mtoto akizoeshwa mayai atakuwa mwizi. Hazina msingi katika tiba wala katika dini. Mjamzito na mtoto ndio wenye haki ya kwanza katika mayai ya nyumba hiyo.

Kuku anayekula uchafu

Dini yetu imelitazama jambo hili kabla ya maabara hazijakuwapo. Wanazuoni humwita mnyama anayekula najisi kwa wingi kwa jina la jallala, na wamekataza au kuchukiza kula nyama yake na kutumia maziwa yake mpaka azuiliwe na kulishwa chakula safi. Imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alipotaka kumla kuku wa namna hiyo alikuwa akimfungia siku tatu kwanza. Kumbuka pia kwamba sisi watu wa pwani wengi tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndani yake kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake ni halali. Basi jamvi la kuswalia lililopitiwa na kuku si la kupangusa kwa kanga na kuendelea. Ni la kuoshwa.

Kuku wa kuachiliwa hula wadudu, mbegu na majani, na hilo ndilo linalompa ladha yake. Tatizo ni pale choo cha nyumba kinapokuwa wazi, au watoto wanapojisaidia nyuma ya nyumba, au dampo la mtaa linapokuwa ndilo malisho. Tiba yake ni choo chenye mfuniko, shimo la taka lililofunikwa, na kinyesi cha mtoto mchanga kutupwa chooni. Na kuku unayekusudia kumchinja mfungie siku tatu katika tenga safi, umpe pumba, nafaka na maji. Utapata nyama ambayo nafsi imetulia nayo.

Banda la usiku

Kufuga kwa kuachilia hakuna maana ya kutelekeza. Mchana kuku awe huru, usiku awe na nyumba yake. Kulala na kuku chumbani ni kuvuta vumbi la manyoya na kinyesi usiku kucha, na ni kukaribisha viroboto, chawa na utitiri kitandani.

Banda halihitaji saruji. Nguzo nne, kuta za mianzi au fito zilizoachiwa nafasi ya hewa kupita, na paa la makuti zinatosha. Liinue kiasi cha mita moja kutoka ardhini na sakafu yake iwe ya fito zilizobanana, ili kinyesi kidondoke chini. Miti ya mikoko isikatwe kwa kazi hii bila kibali, hasa kwa wenzetu walio ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukubwa uwe mita mraba moja kwa kuku watano wakubwa. Weka vichanja vya kulalia na viota vyenye nyasi kavu mahali pa gizagiza, kiota kimoja kwa kila mitetea minne au mitano. Jogoo mmoja hutosha mitetea kumi.

Funga mlango kila magharibi. Ngawa, kicheche, kenge na chatu hawahitaji zaidi ya usiku mmoja. Kwa vifaranga, adui wa mchana ni mwewe, kunguru na paka. Wafunike pamoja na mama yao kwenye tenga kwa wiki nne za mwanzo, wape chakula na maji hapo hapo, na utaona tofauti. Katika chombo cha maji weka mawe machache ili wasizame.

Mdondo, mwizi wa akiba

Ugonjwa unaofagia kuku wa kienyeji kuliko mwingine wowote ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huzubaa, hushusha mabawa, huhema kwa shida, hutoa kinyesi cha kijani, wengine hupinda shingo, kisha hufa mmoja baada ya mwingine. Hauna dawa. Pilipili, majivu na mwarobaini mnavyowanywesha havitibu mdondo. Kuku ishirini wanaweza kwisha ndani ya wiki moja, na pamoja nao ada ya shule na nauli ya hospitali.

Kinga yake ipo na ni nyepesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitengeneza chanjo iitwayo I-2 kwa kuwafikiria wafugaji wa vijijini, kwani inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Hapa nchini ilianza kutengenezwa na maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2012 iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na huuzwa kwa jina la TEMEVAC. Wakala huo una kituo chake Mtwara pia.

Utaratibu wake ni huu. Kila kuku, mkubwa kwa kifaranga, hupewa tone moja jichoni. Chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kadiri maelekezo ya chupa yanavyosema. Wanaochanjwa ni kuku wazima, si wagonjwa. Chupa isiwekwe juani, na ikishafunguliwa isihifadhiwe kwa ajili ya mwezi ujao. Chupa moja huwa na matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo majirani wachange, wapange siku moja, mtaa mzima uchanje. Hii ndiyo faida ya jamaa: ukichanja peke yako, kuku wa jirani wataendelea kuuguza na kuusambaza. Baada ya kazi hiyo nawa mikono kwa sabuni na usijiguse macho, kwani kirusi hicho huweza kumletea binadamu wekundu wa macho wa siku chache.

Kuku wakianza kufa, usikimbilie sokoni na waliobaki. Kumuuzia Muislamu mwenzako kuku unayejua kuwa ni mgonjwa ni udanganyifu, na ni kuupeleka ugonjwa katika mtaa wa pili. Aliyekufa mwenyewe ni mzoga, haliwi. Asitupwe pwani wala kichakani mbwa wakamburuta. Afukiwe shimo refu au achomwe moto. Na vikitokea vifo vingi kwa ghafla, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Mwezi wa Januari 2017 jirani zetu wa Uganda walitangaza mafua ya ndege yaliyoonekana kwa ndege pori na kwa kuku pembezoni mwa Ziwa Victoria. Sisi wa huku Ruvuma tunapokea ndege wengi wahamiaji katika fukwe na mikoko yetu. Mtoto asiokote ndege aliyekufa ufukweni, na kuku wasilishwe mizoga hiyo.

Chakula kilichopo na sumu iliyojificha

Kuku wa kuachiliwa apewe nyongeza asubuhi kidogo na jioni kidogo, ili pia azoee kurudi. Pumba za mahindi au mpunga, machicha ya nazi ya siku hiyo hiyo, mashudu ya ufuta na vichwa vya dagaa vilivyokaushwa ni vyakula vilivyo karibu nasi. Mitetea inayotaga hutaka chokaa ili gamba la yai liwe gumu. Nasi Mungu ametupa pwani: okota maganda ya chaza, yachome kidogo, yatwange na uchanganye kwenye pumba.

Tahadhari ni juu ya ukungu. Wengi hudhani karanga zilizooza, mahindi yaliyolowa ghalani na korosho mbovu zifaazo kutupwa ndizo fungu la kuku. Ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo huharibu ini la kuku, la sungura na la mwanadamu. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza watu kwa sababu ya chakula chenye sumu hiyo. Kilichoota ukungu kifukiwe, kisiliwe na mtu wala mfugo. Kadhalika, msimu wa kupuliza dawa kwenye mikorosho, kuanzia katikati ya mwaka, zuia kuku bandani siku ya kupuliza, na chupa na mifuko ya dawa isigeuzwe chombo cha maji.

Sungura: nyama ya nyumbani

Wapo wanaomkwepa sungura kwa kuwa anawakumbusha paka. Kwa wanazuoni walio wengi, wakiwemo Mashafii, ni halali. Anas (r.a.) amesimulia kwamba walimkamata sungura, Abu Talha akamchinja na kumpelekea Mtume (s.a.w.) sehemu ya mapaja, naye akaipokea. Nyama yake ni nyeupe, laini, haina mafuta mengi, na inawafaa wazee na wagonjwa.

Faida yake nyingine ni kwamba anakula majani na hashindani na watu kwa unga. Jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi na kuzaa watoto wanne hadi wanane au zaidi. Ukiwa na dume moja na majike mawili, kila jike likizaa mara nne kwa mwaka na ukafanikiwa kukuza watoto watano kila mzao, una sungura 40 kwa mwaka. Ni karibu mmoja kwa kila wiki. Kwa familia ya wastani hicho ni kitoweo cha uhakika bila kugusa akiba ya kuku.

Lakini sungura si wa kuachiliwa. Akiachiliwa huchimba, hula mboga za jirani, na huliwa na mbwa. Mjengee kizimba kilichoinuliwa, chenye sakafu ya wavu imara au mianzi iliyopasuliwa na kulainishwa, ili mkojo na kinyesi vipite. Kila mkubwa awe na chumba chake. Adui yake mkubwa katika pwani yetu ni joto. Likizidi nyuzi 30 huanza kuteseka, huhema haraka, na dume huweza kupoteza uwezo wa kuzalisha kwa muda. Basi kizimba kiwe chini ya mwembe au mkorosho, paa liwe la makuti na si bati, na maji yawepo mchana na usiku.

Chakula chake cha msingi ni nyasi kavu. Juu yake ongeza majani ya viazi vitamu, mlonge, mchicha na magugu ya shamba yasiyo na sumu. Majani yaliyolowa umande au mvua yaanikwe kivulini yanyauke kwanza, kwani mabichi yenye maji humjaza tumbo gesi na kumuua. Majani ya muhogo mabichi, hasa ya mihogo michungu, usimpe. Yana sumu ambayo sisi wenyewe tunaitoa kwa kuyatwanga na kuyachemsha kisamvu.

Siku tatu kabla ya kuzaa mwekee sanduku lenye nyasi kavu. Atang'oa manyoya yake mwenyewe na kutandika. Usimsumbue, na wazuie watoto wasichungulie. Wanyonyeshwe wiki sita hadi nane ndipo watengwe, na wakifikisha miezi minne au mitano wanafaa kuchinjwa. Magonjwa ya kuangalia ni kuharisha kunakotokana na koksidia, ambako huwaua zaidi wadogo katika kizimba kichafu, na upele wa masikio unaofanya masikio yajae magamba. Yote mawili yana dawa kwa mtaalamu wa mifugo, na yote mawili hukingwa kwa usafi na ukavu. Na unapombeba, usimnyanyue kwa masikio. Shika ngozi ya shingo na uegemeze mkono wa pili chini ya makalio.

Uwanja, mikono na kisima

Hapa ndipo kiini cha mazungumzo yetu. Fanya haya matano:

Kwanza, tenga sehemu ya mtoto. Mtoto anayetambaa awekwe kwenye jamvi safi barazani au ndani ya uzio mdogo wa fito ambao kuku hawauingii. Uzio wa mianzi ni kazi ya asubuhi moja tu.

Pili, fagia uwanja kila siku baada ya kuku kutoka. Nyunyiza maji kidogo ili vumbi lisipande, jifunge kitambaa puani unaposafisha banda, na kinyesi kizolewe kwa koleo au kifuu, si kwa mkono mtupu.

Tatu, kinyesi kiende shimo la mboji mbali na jiko na kisima. Umbali wa mita 30 unaoshauriwa kati ya choo na kisima uutumie na hapa pia. Funika kwa majani na udongo, kigeuze, na kiache miezi mitatu au zaidi ndipo kiende kwenye bustani. Mboji ya sungura na kuku ni mbolea bora, lakini kinyesi kibichi juu ya mboga ni maradhi kwenye kachumbari.

Nne, nawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni baada ya kushika kuku, sungura, mayai au vyombo vyao, na kabla ya kupika, kula na kumlisha mtoto. Sisi tunaotawadha mara tano tusidhani kwamba udhu unatosha. Udhu ni ibada, na sabuni ni ya kuondoa vijidudu. Usipopata sabuni, tumia majivu.

Tano, kuku wasiingie jikoni. Sufuria na ndoo za maji zifunikwe, vyombo vianikwe juu ya uchanja.

Jikoni na machinjoni

Yai lililochafuka pangusa kwa kitambaa kikavu, na ulioshe tu pale unapotaka kulipika. Ukiliosha kwa maji baridi na kulihifadhi, uchafu huweza kupenya gambani. Lililopasuka lipikwe siku hiyo hiyo mpaka likauke, au litupwe. Mtoto, mjamzito na mgonjwa wasipewe yai bichi wala la kuchemshwa nusu, hata kama bibi anasema ndiyo dawa ya kifua.

Katika kuchinja tumefundishwa ihsani: kisu kikali, kisinolewe mbele ya mnyama, wala mnyama asichinjwe mwenzake akitazama. Mwache afe kabisa na damu itoke ndipo umtie maji ya moto au kumchuna. Usimwache ndani ya maji yanayochemka akiwa na matumbo yake. Mchovye, mtoe, mnyonyoe, kisha mpasue na kumwosha kwa maji safi mapya. Ubao na kisu cha nyama mbichi visikate kachumbari kabla ya kuoshwa. Nyama iive mpaka isitoe maji mekundu kwenye mfupa.

Jambo la mwisho ni dawa. Siku hizi mtu akiona kuku amekohoa hukimbilia kununua antibiotiki za unga na kuzimimina kwenye maji. Dawa hizo haziui kirusi cha mdondo, na zikitumika ovyo huzalisha vijidudu sugu ambavyo kesho vitamgeukia mtu na kukataa dawa za hospitali. Muulize mtaalamu, fuata kipimo, na usile mayai wala nyama mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye pakiti.

Haki ya jirani

Hatuwezi kumaliza bila kumtaja jirani. Kuku wako akiparua mbegu za jirani, amekula mali ya mtu. Msimu wa kupanda wazuie asubuhi, au mkubaliane naye. Banda lisijengwe dirishani kwake, wala maji ya kuoshea yasielekezwe uani kwake. Na ukichinja, onjesha jirani, kwani harufu imeshamfikia.

Ndugu msomaji, hatukusema uanze na kuku mia. Anza na ulio nao. Wiki hii jenga uzio wa mtoto na kichanja cha kuku. Mwezi huu ongea na majirani na afisa mifugo kuhusu chanjo. Na kuanzia kesho, kabla trei ya mayai haijatoka mlangoni kwenda gengeni, lichukue yai la mtoto kwanza, lichemshe mpaka liive, nawa mikono, umpe. Yanayobaki ndiyo ya kuuza.

Wabillahi tawfiq.